Je, Kijito Kina Dhahabu? Pima Kwanza kwa Vifaa vya Nyumbani

Katika vijiji vilivyo karibu na machimbo, habari ya dhahabu hukimbia kuliko baiskeli. Mtu mmoja akiona kitu kinang'aa kijitoni, kesho yake kijiji kizima kimesikia. Keshokutwa wanafika wageni na sururu na koleo. Huyu anauza mbuzi ili anunue vifaa. Yule anaacha palizi. Baada ya mwezi mmoja ukingo wa kijito umebomoka, maji ya kunywa yamekuwa tope, na shamba limeliwa na magugu. Na dhahabu yenyewe je? Pengine ipo kidogo. Pengine haipo kabisa.

Sisi hatusemi watu wasitafute dhahabu. Hapana. Madini ni utajiri wa nchi, na wako wachimbaji wadogo wengi wanaosomesha watoto kwa kazi hiyo. Tunachosema ni hiki: pima kwanza, chimba baadaye. Kupima hakuhitaji mashine. Kunahitaji ndoo iliyochakaa, karai, msumari, chupa ya plastiki, na daftari. Vifaa hivyo vinaweza kukuambia ukweli kabla hujauza mbuzi. Na ukweli huo mara nyingi ni neno moja tu: "Hakuna." Kulijua neno hilo mapema ni faida kubwa.

DHAHABU HUFIKAJE KIJITONI?

Dhahabu haizaliwi kijitoni. Hutoka katika miamba ya milimani. Huko hukaa ndani ya mishipa ya mawe meupe magumu. Jua, mvua na mizizi huvunjavunja miamba hiyo kwa miaka maelfu na maelfu. Mvua husomba vipande mpaka bondeni. Kijito huvisaga na kuvichambua. Udongo mwepesi huenda mbali, na dhahabu, kwa kuwa ni nzito, hubaki nyuma.

Hapa nchini Tanzania mfano unaojulikana sana ni Lupa, katika Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya. Dhahabu iligunduliwa huko mwaka 1922. Katika miaka ya 1930 watu wengi walimiminika Lupa. Wengi wao waliosha mchanga na changarawe za mabonde na vijito. Hawakuanza na mashimo marefu. Walianza na karai, maji na mikono.

Huko Afrika Magharibi nako, wanawake wameosha dhahabu kwa vibuyu kwa karne nyingi. Kwa hiyo kifaa cha nyumbani si kitu cha kudharau. Kibuyu kilikuwapo kabla ya mashine.

UZITO NDIYO SIRI

Ukielewa jambo hili moja, umeelewa kazi yote.

Chukua chupa ya nusu lita. Ukiijaza maji, maji hayo yana uzito wa nusu kilo. Ukiijaza mchanga mkavu, utapata kama gramu 800. Lakini kama ungeweza kuijaza dhahabu tupu, uzito wake ungezidi kilo 9 na nusu! Chupa ni ile ile, uzito ni mbali kabisa.

Basi, mchanga na dhahabu vikitikiswa pamoja ndani ya maji, dhahabu huzama chini kabisa. Mchanga hubaki juu, na maji huuchukua. Karai hufanya kazi kwa njia hiyo. Ubao wa kuoshea nao hufanya hivyo hivyo. Hata kijito chenyewe hufanya hivyo hivyo. Fundi wa kuosha dhahabu hana uchawi. Anayaacha maji yachukue kilicho chepesi, naye anakilinda kilicho kizito.

MAHALI PA KUANGALIA

Usichote mchanga popote tu. Jiulize: maji yakiwa na nguvu wakati wa masika, ni wapi nguvu hiyo hupungua? Hapo ndipo vitu vizito huanguka. Angalia mahali hapa:

1. Upande wa ndani wa kona ya kijito. Upande wa nje maji hukimbia na kula ukingo. Upande wa ndani maji hupoa na kuacha mchanga.

2. Nyuma ya jiwe kubwa, yaani upande ambao maji yanaelekea.

3. Chini kidogo ya maporomoko, na mahali ambapo mteremko mkali unaishia na kijito kinakuwa tambarare.

4. Ndani ya nyufa za mwamba zinazokata kijito kwa upana. Nyufa hizi ni kama mitego.

5. Chini kabisa ya changarawe, pale zinapokutana na mwamba au udongo wa mfinyanzi. Mchanga wa juu juu hudanganya. Dhahabu ikiwapo, huwa imeshuka chini.

6. Katika mizizi ya nyasi zilizo ukingoni. Mizizi hukamata vipunje kama chujio. Lakini usiing'oe ovyo, kwa sababu ndiyo inayoshika ukingo usibomoke. Kung'uta udongo uliokwisha kulegea tu.

KABLA YA KUINGIA MAJINI: RUHUSA

Mtu atasema, "Kijito ni cha kijiji chetu. Ruhusa ya nini tena?" Ndugu zetu, sheria haisemi hivyo. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, pamoja na marekebisho yake, inasema madini yote ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Anayetafuta au kuchimba madini anatakiwa kuwa na leseni. Kwa wananchi wa kawaida ipo leseni ya uchimbaji mdogo, nayo hutolewa kwa miaka 7 na inaweza kuhuishwa. Anayeshughulikia mambo hayo ni Afisa Madini Mkazi. Nendeni kwake muulize mambo mawili: Je, eneo hili lina leseni ya mtu mwingine? Na sisi tukitaka kupima, tufuate utaratibu gani? Ni afadhali kupoteza siku moja kwa nauli kuliko kufukuzwa na hasara mkononi.

Tena iko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Sheria hiyo inakataza shughuli za kudumu, au shughuli zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Kwa hiyo kuchimba mashimo ukingoni ni kosa. Mwenye ruhusa ya kupima achote sampuli ndogo kwa ndoo, afukie mahali alipochota, na aende kuoshea mbali na kijito. Mwisho, ongeeni na serikali ya kijiji, na mwenye shamba lililo jirani. Ugomvi wa dhahabu huanza na mtu kudharauliwa.

Sasa twende kwenye vifaa.

KIFAA CHA KWANZA: NDOO YA KUCHUNGULIA

Ukisimama kijitoni ukatazama chini, huoni vizuri. Maji yanacheza, na mwanga wa jua unakurudia machoni. Lakini kina chenyewe pengine kinaishia magotini tu. Dawa yake ni ndoo yenye kioo chini.

Jinsi ya kutengeneza:

1. Tafuta ndoo ya plastiki iliyochakaa, ya lita 10 au 20.

2. Kata kitako chake kwa kisu kilichopashwa moto. Usikate chote. Acha ukingo wa upana wa vidole viwili kuzunguka.

3. Kata plastiki nene inayopenya mwanga, au kioo cha dirisha, itoshe juu ya ukingo huo kwa ndani. Plastiki ni bora kwa sababu haipasuki ikigonga jiwe.

4. Ibandike kwa gundi isiyopitisha maji, ile inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Iache ikauke siku nzima.

5. Paka rangi nyeusi ndani ya ndoo, pembeni tu, ili mwanga usikusumbue.

Shindilia ndoo majini sentimita chache, kisha chungulia ndani. Utaona mawe, nyufa na changarawe kama vile maji hayapo. Ndoo hii haitakuonyesha vipunje vidogo vya dhahabu. Kazi yake ni kukuonyesha mahali pa kuchota. Bila ndoo hii utachota kwa kubahatisha.

KIFAA CHA PILI: NDOANA NA CHUPA YA KUNYONYA

Umeona ufa katika mwamba. Mkono hauingii. Utafanyaje?

Chukua kipande cha nondo nyembamba au waya mgumu, kama urefu wa mkono. Kinyooshe, kisha pinda ncha yake kama kidole kilichokunjwa. Igonge ncha kwa nyundo iwe bapa. Hiyo ndiyo ndoana ya nyufani. Kijiko kikuukuu kilichopindwa nacho kinafaa kwa kukwangua.

Sasa chupa. Tafuta chupa laini ya plastiki, ile inayobonyea. Toboa kifuniko chake na upitishe mrija mwembamba wa plastiki. Mrija uingie ndani ya chupa mpaka karibu na katikati, na nje utokeze urefu wa kidole. Ziba pembeni kwa gundi. Ukiibonya chupa na kuiachia majini, inavuta maji pamoja na mchanga wa ufani. Mchanga ukishaingia hautoki tena, kwa sababu mrija umeingia ndani, nao umeanguka chini. Chupa hiyo hiyo utaitumia mwishoni kunyonya vipunje kutoka kwenye karai.

KIFAA CHA TATU: CHEKECHE

Mawe makubwa yanakupotezea muda. Chukua debe la bati au ndoo ya zamani. Toboa kitako chake kwa msumari, matundu mengi ya ukubwa wa punje ya hindi. Toboa kutoka ndani kwenda nje, ili makali yasikukate vidole. Weka chekeche juu ya karai, tia mchanga, mwaga maji na tikisa. Mawe yaliyobaki juu yakague moja moja kabla ya kuyatupa.

KIFAA CHA NNE: KARAI

Hiki ndicho kifaa kikuu. Karai zuri ni pana na fupi, na kuta zake zimelala. Upana wa sentimita 35 hadi 40 unafaa. Sufuria yenye kuta zilizosimama haifai, maana mchanga hautoki vizuri.

Jambo moja watu hulisahau, nalo linawala hasara: mafuta. Karai lililopikiwa au kukaangiwa lina mafuta. Vipunje vidogo vya dhahabu vikigusa mafuta havizami. Huelea na kuondoka na maji! Kwa hiyo karai la chuma lichome motoni mpaka mafuta yote yaungue, lipoe, kisha lisugue kwa mchanga na majivu. La plastiki lioshe kwa sabuni na kulisugua sana. Mikono yenye mafuta nayo ioshwe.

Ukitumia karai la plastiki, chora mistari mitatu au minne ndani ya ukuta wa upande mmoja kwa msumari wa moto. Mistari hiyo itazuia vipunje visitoroke.

JINSI YA KUOSHA

Osha ndani ya beseni kubwa au pipa lililokatwa, si kijitoni. Hapo maji machafu hayaendi kwa wanaochota maji huko chini. Tena ukikosea, dhahabu imeangukia kwenye beseni lako, na unaweza kurudia.

1. Jaza karai nusu kwa mchanga uliochekechwa. Lizamishe majini.

2. Vunja madongoa yote kwa vidole mpaka tope liondoke. Dongoa moja la mfinyanzi linaweza kutoka na dhahabu yako.

3. Shika karai likiwa limelala sawa chini ya maji. Tikisa kushoto na kulia kwa nguvu. Sasa vizito vinazama.

4. Liinamishe mbele kidogo. Lichovye na kuliinua polepole, maji yakichukua mchanga wa juu.

5. Rudi kwenye hatua ya 3, kisha 4. Rudia tena na tena. Usiwe na haraka. Anayeanza anaweza kutumia robo saa kwa karai moja, na si vibaya.

6. Ukibakiwa na kijiko kimoja hivi cha mchanga mweusi, acha kumwaga. Tia maji kidogo na uyazungushe taratibu. Mchanga mweusi utasogea mbele. Dhahabu ikiwapo, itabaki nyuma kama mkia wa manjano.

Ule mchanga mweusi mwingi wake ni chuma cha asili. Tafuta sumaku ya spika ya redio mbovu na uifunge ndani ya mfuko wa plastiki. Kausha mchanga, kisha pitisha sumaku juu yake. Mchanga mweusi utaruka na kushika. Dhahabu haivutwi na sumaku. Ukivua mfuko, mchanga unadondoka wenyewe.

JIPIME WEWE KABLA YA KUPIMA KIJITO

Ukikosa dhahabu, utajuaje kama haimo, au kama umeimwaga wewe? Swali hili ni muhimu. Jibu lake ni rahisi.

Tafuta risasi, yaani ile metali laini ya kijivu ambayo wavuvi huitumia kuzamishia nyavu. Kata vipande 10 vidogo kama kichwa cha pini na vigonge viwe bapa. Vichanganye na karai la mchanga, kisha osha kama kawaida. Mwishoni vihesabu. Risasi ni nyepesi kuliko dhahabu: uzito wake ni zaidi kidogo ya nusu ya ule wa dhahabu. Ukivipata vyote 10, mkono wako ni mzuri, na dhahabu haitakupita. Ukipata 6, usiende kijitoni bado. Fanya mazoezi nyumbani. Lakini kumbuka risasi ni sumu. Osha mikono baadaye, na usiwaachie watoto.

JE, NI DHAHABU KWELI?

Si kila king'aacho ni dhahabu. Wengi wamelia kwa sababu ya vitu viwili. Cha kwanza ni magamba membamba yanayometameta, yaitwayo ulanga. Cha pili ni mawe ya manjano yenye chuma na kiberiti ndani yake. Pima hivi:

— Kivuli. Kinge kwa mkono jua lisikipige. Dhahabu hubaki na rangi ile ile ya manjano. Ulanga na mawe ya kiberiti huacha kung'aa.

— Msumari. Bonyeza kwa ncha ya msumari. Dhahabu hubonyea bila kuvunjika. Jiwe la kiberiti hupasuka likawa unga. Ulanga huchanika magamba.

— Maji. Tikisa karai. Ulanga huinuka na kuelea kila maji yanapotikisika. Dhahabu hutulia mahali pake.

DAFTARI NI KIFAA CHA TANO

Ndugu wasomaji, hapa ndipo kisomo kinapoingia. Mtu asiyeandika hukumbuka siku aliyopata tu. Siku tisa alizokosa huzisahau. Kwa hiyo kila mahali osha idadi ile ile ya makarai, kisha andika. Tutoe mfano wa kujifunzia:

Daraja la miguu: makarai 10, vipunje 0.
Kona ya mkuyu: makarai 10, vipunje 2.
Nyuma ya jiwe kubwa: makarai 10, vipunje 9.
Juu ya jiwe kubwa, hatua 100: makarai 10, vipunje 0.

Daftari hili linasema nini? Kadiri tunavyopanda juu kutoka darajani, vipunje vinaongezeka. Kisha vinakatika ghafla. Huenda chanzo chake kiko karibu na jiwe kubwa, katika kilima cha pembeni. Angalia na umbo pia. Vipunje vyenye kingo kali havijasafiri mbali. Vilivyolainika na kuwa bapa vimetoka mbali.

Sasa hesabu ya pili. Tuseme watu 3 wamefanya kazi siku 2. Wamepata dhahabu gramu 0.3. Kugawana kwa watatu, kila mmoja ana gramu 0.1 kwa siku 2 za kazi, yaani gramu 0.05 kwa siku. Ulizeni bei ya siku hiyo katika soko la madini. Zidisheni. Toeni chakula na nauli. Kisha linganisheni na siku moja ya kulima kibarua, au kupalilia mahindi yenu wenyewe. Ikiwa jembe limeshinda, rudini shambani bila aibu. Hamkushindwa. Mmepima, mmejua.

Na ikiwa dhahabu imeshinda, basi hapo ndipo pa kufuatilia leseni, kuunda kikundi na kutengeneza kifaa kikubwa zaidi.

UBAO WA KUOSHEA

Kifaa hicho kikubwa ni mfereji wa mbao. Urefu wake uwe mita 1 na nusu, upana sentimita 30, na kuta sentimita 20. Chini tandika gunia au blanketi kuukuu. Juu yake pigilia vijiti vya kukingama, kila baada ya sentimita 10. Inua upande mmoja: kwa kila mita moja ya urefu, mteremko uwe kama sentimita 8. Mmoja anamwaga mchanga uliochekechwa, mwingine anamwaga maji kwa ndoo, sawasawa bila kukatiza. Vizito hunasa kwenye gunia. Jioni gunia linaoshwa ndani ya beseni, na kilichobaki kinamaliziwa kwa karai.

Mteremko ukiwa mkali mno, maji huchukua hata dhahabu. Ukiwa mdogo mno, mchanga huziba vijiti. Mpime kwa vile vipande vya risasi. Maji machafu yaingie katika shimo la kutuamia, yatulie, kisha yatumike tena. Shimo liwe na uzio, ng'ombe na watoto wasitumbukie.

ZEBAKI: HAPANA!

Wengine watakuja na kichupa cha metali inayotiririka kama maji. Watasema, "Tia hii, inakusanya dhahabu yote kwa dakika tano." Hiyo ni zebaki. Ni kweli hushika dhahabu. Lakini ili kuitenganisha nayo, huchomwa motoni, na mvuke wake hauonekani. Mvuke huo ukivutwa huharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mikono huanza kutetemeka. Mama mjamzito akiuvuta, mtoto aliye tumboni huumia.

Haiishii hapo. Zebaki ikimwagika hufika kijitoni, hugeuka kuwa sumu kali zaidi, na huingia katika samaki. Anayekula samaki anakula sumu. Huko Japani, katika mji wa Minamata, watu wengi waliumia na kufa kwa samaki waliopata zebaki kutoka kiwandani. Ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1956. Mji huo ndio uliotoa jina la mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki, uliopitishwa mwaka 2013. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Kwa mchanga wa kijitoni, ambao dhahabu yake imekwisha kuachana na jiwe, karai, sumaku na subira vinatosha kumalizia kazi. Na kuchoma zebaki nyumbani, katika sufuria ya chakula, ni kuichoma familia yako.

AFYA KATIKA MAJI

Vijito vya kina kifupi, vyenye majani na maji yaliyotulia, ndivyo konokono wa kichocho wanavyovipenda. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono na kupenya ngozi yako bila wewe kusikia chochote. Vaa mabuti ya mpira kama unayo. Usikae majini muda mrefu. Ukitoka, jifute mara moja kwa kitambaa kikavu. Usikojoe wala kujisaidia majini, kwa sababu hapo unaweza kuwaambukiza konokono hao vijidudu vya kichocho. Ukiona damu katika mkojo au choo, nenda zahanati. Dawa ipo.

Usiingie mahali penye mamba. Usichimbe chini ya ukingo unaoning'inia, utakuangukia. Mvua ikinyesha mlimani, toka majini hata kama kwenu jua linawaka. Na watoto wabaki shuleni. Kazi ya machimbo si yao.

KUUZA

Tangu mwaka 2019 serikali imefungua masoko ya madini, yakiwamo ya Geita na Chunya. Humo dhahabu hupimwa kwa mizani na bei ya siku hutangazwa. Mwenye leseni auze huko. Anayekununulia gizani, kwa mizani usiyoweza kuisoma, ana sababu yake. Wewe sasa unasoma. Isome mizani mwenyewe, pamoja na ile nukta ya desimali. Gramu 0.5 na gramu 0.05 si kitu kimoja. Moja ni mara kumi ya nyingine.

Ndugu wasomaji, kijito kinachotiririka leo kilinywesha babu zenu, na kinatakiwa kinyweshe wajukuu. Dhahabu ikitoka haioti tena, lakini maji yakitunzwa yatakuwapo kila mwaka. Basi tengenezeni vifaa, pimeni, andikeni, hesabuni. Mkikuta ipo, fuateni taratibu. Mkikuta haipo, fukieni mlipochota na mrudi nyumbani na kijito chenu kikiwa kizima.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini dhahabu hubaki nyuma ya jiwe kubwa, na haibaki katikati ya mkondo?

2. Karai lenye mafuta lina ubaya gani?

3. Watu 4 wamefanya kazi siku 5 wakapata gramu 2. Kila mmoja amepata gramu ngapi kwa siku moja? Ulizeni bei, kisha mlinganishe na kibarua cha shamba.

4. Tajeni mahali panapochotwa maji ya kunywa katika kijiji chenu. Mtu akiosha mchanga juu yake, nani ataumia kwanza?

5. Kesho mtu akitangaza kwamba kijitoni kuna dhahabu, kijiji chenu kifanye nini siku hiyo hiyo?